Rudisha Kwanza

Binti yake alipoingia dukani na mkoba wa vifaa begani, kinyozi alijua kwamba ametegwa. Aliyetega ni mkewe. Kwa muda mrefu mama huyo alikuwa akilalamika kwamba nyaya za duka zimechakaa, soketi ya karibu na kioo inanuka kuungua, na ipo siku mteja ataondoka na shoti badala ya poda. Kinyozi aliitikia tu, ehe, ehe, kama waume wanavyoitikia mambo wanayotaka yapite, akidhani ataletewa fundi yeyote wa mtaani. Kumbe fundi umeme aliyeitwa ni kitinda mimba wake mwenyewe, ambaye hawakuwa wamesemezana tangu msimu wa uchaguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Soketi yenyewe ile pale."

Mazungumzo yakaishia hapo. Binti akaenda nyuma ya mlango, akazima swichi kuu, na duka zima likanyamaza. Feni ikajizungusha kivivu mpaka ikasimama. Televisheni ikamkata mtangazaji wa mpira kabla hajamaliza kupiga kelele za bao. Kinyozi alibaki amesimama na mashine ya kunyolea mkononi, imekufa, hana mteja wala pa kutazama. Hakuwa amejua kwamba duka lake lina kelele nyingi kiasi kile.

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Kiooni alimwona binti amepiga goti, anafungua kifuniko cha soketi kwa bisibisi, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni akiwa na kazi ngumu. Maneno aliyoambiwa na mkewe asubuhi yakamrudia: "Mwanao anaondoka Jumamosi. Amepata kazi mji wa mbali. Usipoongea naye leo, tutakuwa tunakutana naye misibani tu." Mkewe hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akisema misibani, ni misibani.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Jumapili moja kabla ya kura, mchungaji alisimama mimbarini, akamtaja mgombea mmoja kwa jina, akasema huyo ndiye aliyetiwa mafuta na Mungu, na asiyempigia kura ajikague moyo wake kama kweli ameokoka. Kanisa likasema Amina. Kinyozi, ambaye ni mzee wa kanisa na hukaa benchi la mbele, naye akasema Amina. Mchana ule mezani, binti akasema kwamba yeye hatarudi tena kusali, si pale wala kwingine. Kinyozi akafura kama andazi. Hakuuliza kwa nini. Alisema nyumba ile ni ya watu wanaosali, na asiyesali mlango anaujua. Binti alikuwa anaujua kweli. Akachukua mkoba wake akatoka, na chakula kikapoa mezani bila wa kukigusa.

Basi sasa wako wawili dukani, kimya kimetanda, na kimya kile kilikuwa na kawaida mbaya ya kumrudisha kinyozi nyuma. Duka likiwa halina umeme linakuwa duka la baba yake.

Enzi za marehemu baba yake hapakuwa na feni wala televisheni. Palikuwa na viti viwili vya chuma vizito, kimoja kinazunguka na kingine kiligoma kuzunguka tangu siku kilipoletwa. Palinukia spiriti, poda na sabuni ya ndevu. Mashine ya kunyolea ilikuwa ya mkono, ile ya kubana kama koleo, na ikikosa mafuta ilikuwa hainyoi, inang'oa. Lakini watu walijaa. Ukutani kulikuwa na benchi refu, na juu yake walikaa waumini wa msikitini na wa kanisani, wenye kadi za chama na wasiotaka hata kukisikia chama. Wengine hata nywele hawakuwa nazo. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kipara cha kung'aa ambaye hakukosa hata Jumamosi moja, na ukimuuliza amekuja kufanya nini anasema amekuja kunyoa mawazo.

Walichofuata ni ubishi. Walibishana juu ya serikali, juu ya pepo na moto, juu ya kama dua inaweza kuleta mvua au mvua inakuja kwa wakati wake. Na baba yake alikuwa na sheria moja tu, ambayo hakuiandika popote kwa sababu hakuna aliyeweza kuisahau. Hakuna ruhusa ya kumpinga mtu mpaka kwanza uyarudishe maneno yake, uyaseme wewe kwa mdomo wako, vizuri, mpaka mwenyewe akubali na kusema "ndivyo." Ukianza kupinga kabla, mzee ananyanyua mkasi juu: "Rudisha kwanza." Na kama mpingaji yuko kwenye kiti, hapo ndipo penye kazi. Mkasi haushuki. Asiporudisha, hanyolewi.

Mkasa uliosimuliwa kuliko yote ni wa karani na dereva wa lori. Dereva walimwita Bila Breki, maana akianza kuongea hasimami. Karani alikuwa mtu wa serikali mpaka kwenye mikunjo ya suruali. Siku hiyo karani yuko kitini, kichwa kimefika nusu, upande wa kulia safi, upande wa kushoto msitu. Bila Breki akawa anaponda ushuru wa barabara. Karani akaruka: "Huyu anasema serikali yote ni wezi!"

"Sivyo," akasema Bila Breki.

"Anasema wananchi tusilipe ushuru!"

"Sivyo."

"Basi anasema tuchukue mapanga tuingie barabarani!"

Benchi zima likacheka. Mkasi ulikuwa juu. Karani akapandwa na hasira, akajivua shuka, akalitupa kitini, akatoka hivyohivyo, nusu kichwa, saa za kazi, akaenda ofisini. Waliokuwa na shida ofisini kwake siku ile walisimulia kwamba aliwahudumia dirishani akiwa amekaa upande upande kama picha ya kwenye sarafu. Alasiri akarudi. Akaketi. Akamtazama Bila Breki kiooni, akasema polepole: "Anasema yeye yuko tayari kulipa, tena alipe zaidi. Ila anataka aonyeshwe barabara."

"Ndivyo!" akasema Bila Breki, na alifurahi mno kueleweka hata akasahau kuendelea na ubishi. Kisha ikawa zamu ya karani kupinga, na siku hiyo alipinga kama hajawahi kupinga, akaeleza madaraja yanagharimu nini na mvua inayafanya nini, mpaka nusu ya benchi ikahamia kwake. Baba yake kinyozi akamaliza kichwa. Hakusema nani ameshinda. Hakuwahi kusema.

Kinyozi alijikuta anatabasamu peke yake kitini, halafu tabasamu likamkauka. Maana alikumbuka pia siku yake yeye.

Alikuwa kijana wa ndevu za kuhesabika. Baba yake alikuwa mtu wa chama kile kilicholeta uhuru, mtu wa kadi, mtu wa kusimama wimbo ukipigwa redioni hata akiwa anakula. Kijana akamwambia kwamba kura yake ya kwanza ataipeleka upande wa pili. Alilisema hilo mlangoni, mguu mmoja nje, tayari kukimbia. Baba yake akapangusa kiti kwa kitambaa. "Kaa," akasema. Akamfunga shuka shingoni, akachukua mkasi, na kabla hajakata hata unywele akasema: "Unachosema ni kwamba shukrani yangu kwa chama ni yangu mimi, kwa sababu mimi niliyaona ya kabla na ya baada. Wewe ya kabla hukuyaona. Kwa hiyo huwezi kushukuru kwa macho yangu. Unapima unachokiona wewe."

Kijana aliduwaa. Alikuwa amesema maneno machache tu, tena kwa kigugumizi, na mzee alikuwa ameyarudisha yamenyooka kuliko yalivyotoka. "Ndivyo," akasema. Halafu baba yake akaeleza ya kwake, na yeye akashindwa kuyarudisha mara mbili kabla hajapatia. Siku ya kura walitoka nyumbani pamoja, wakapanga foleni moja, wakapiga kura zilizokataana, wakarudi wakila karanga za pakiti moja. Mzee alikufa akiwa mtu wa chama, na kati yao halikupita neno baya hata moja juu ya hilo. Kinyozi aliukumbuka mkono mzito wa baba yake ukiinamisha kichwa chake mbele, taratibu, kama anamwombea.

Na yeye alifanya nini na urithi huo? Mzee alipofariki, msimu mmoja wa uchaguzi wateja wawili walipigana ngumi, kioo kikavunjika. Angeweza kunyanyua mkasi juu, lakini mkono haukunyanyuka, hakuwa na uzito wa baba yake. Akanunua kioo kipya, akanunua televisheni, na ukutani akaandika kwa rangi nyekundu: SIASA NA DINI MARUFUKU. Amani ikaja. Wateja wakasifu. Sasa wanaingia, wanatazama mpira, wananyolewa, wanatoka, na kuna watu amewanyoa miaka nenda miaka rudi hajui wanaamini nini. Baya zaidi ni kwamba maandishi yale alikwenda nayo nyumbani, ingawa nyumbani hakuyaandika ukutani: huko alisema yeye tu, hakuna aliyeruhusiwa kumpinga.

"Baba, hii waya nani aliiunga?" Binti alikuwa ameshika ncha mbili zilizofungwa kwa mfuko wa plastiki. "Huyu alitaka kukuua."

"Niliunga mwenyewe."

"Nilijua tu."

Kinyozi akacheka kidogo, binti naye akacheka, kisha wote wakakumbuka kwamba wamenuniana. Lakini ufa ulikuwa umeshafunguka, na kinyozi akapiga moyo konde.

"Mama," akasema, kama alivyozoea kumwita binti yake, "hebu niambie tena lile ulilosema siku ile mezani."

"Ili unionyeshe mlango tena?"

"Ili nirudishe."

Bisibisi ikasimama. Binti aliijua sheria ya babu yake. Alikuzwa kwa mkasa wa karani, alikuwa akiomba asimuliwe mpaka anasinzia. Ila hakuwahi kuiona ikitumika. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nyaya zimemzunguka miguuni.

"Siku ile mimi sikumtazama mchungaji," akasema. "Mchungaji kasema yake. Nilikutazama wewe. Yule mgombea ulikuwa humtaki, baba. Kila jioni ulikuwa unamsema, mama shahidi. Halafu nikakuona umekaa mbele pale, unasema Amina. Nikashtuka. Nikajiuliza, kama baba yangu anaweza kusema Amina kwa kitu asichokiamini, je, zangu mimi? Tangu mdogo nimesema ngapi? Kuna hata moja iliyokuwa yangu? Sijui. Kwa hiyo nimeacha kwanza. Basi."

Kinyozi alihisi masikio yanawaka moto. Ulimi ulikuwa tayari kujitetea, umejaa mambo: kwamba alisema Amina kwa mazoea, kwamba watu wote walisema, kwamba mzee wa kanisa hawezi kununa mbele ya kundi. Akayameza.

"Unasema," akaanza, "kwamba kule kazini umepata marafiki wasiosali, wakakubadilisha mawazo."

"Sivyo. Wala sijawataja."

"Unasema mchungaji alikosea, kwa hiyo Mungu hayupo."

"Sivyo, baba! Sijasema hayupo. Hilo umelisikia wewe."

Kweli alikuwa amelisikia. Alikuwa ameishi nalo wiki zote hizo, akigeuka nalo kitandani, na mtoto hakuwa amelisema. Nje mtu alichungulia, akaona hakuna umeme, akaenda zake. Kinyozi akakigeuza kiti, asimtazame tena kwenye kioo bali uso kwa uso.

"Unasema ulinisikia nikisema Amina ya uongo," akasema, na kila neno lilimkwaruza. "Na kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kuisema. Sasa hujui zako ni za kweli au ni za kuniigiza. Humkatai Mungu. Unataka ukisema tena, iwe yako."

Binti alitazama mikono yake. Ilikuwa na vumbi la plasta.

"Ndivyo," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akajikaza. "Haya. Sasa pinga."

Ndiyo ilikuwa haki yake. Kinyozi akajiweka sawa kitini kama mtu anayeanza hotuba, lakini hotuba haikuja.

"Mimi dini sikufundishwa na mchungaji huyu," akasema. "Pale wamepita wengi. Mmoja alikimbia na mwimbaji wa kwaya, unajua. Sikuacha. Nilipomzika babu yako, miguu ilikataa kusimama, nikasali, ikasimama. Sijui ni nini kilichonisimamisha, lakini mimi nilikuwepo, niliona. Ile Amina ya siku ile haikuwa yangu, nakubali. Lakini ninazo zangu. Kila jioni nataja majina yenu, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Wewe wa mwisho. Tangu siku ile nikifika kwako..." Akasita. "Naruka. Sijui kama nina ruhusa. Basi, nimemaliza. Rudisha."

Binti akafikiri. "Unasema imani ni kubwa kuliko mchungaji."

"Hilo nimelisema. Lakini bado hujafika."

"Unasema nitawaaibisha mbele ya waumini."

"Sivyo! Aibu gani? Mimi nimezaliwa na mtu aliyemtoa karani nje na nusu kichwa. Aibu nimeizoea."

Walicheka tena, na safari hii hawakujizuia. Kisha binti akaacha kucheka kabla yake. Alimtazama baba yake muda mrefu, jinsi alivyokaa amekunja shuka la wateja mapajani bila kujua, analisokota pembe. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imebadilika.

"Unasema unaogopa," akasema. "Kwamba siku moja utafika huko unakoamini utafika. Utaanza kutuita, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Utafika jina la mwisho, utaita, na hakuna atakayeitika."

Kinyozi alifungua mdomo. Hakuwa amesema hivyo. Alikuwa hajawahi kujiambia hivyo hata yeye mwenyewe, si kitandani, si kwenye sala. Alikuwa na hasira wiki zote zile na alidhani ni hasira. Machozi yakamtoka mzee wa kanisa bila hodi, akajifuta kwa shuka lililojaa nywele za watu.

"Ndivyo," akasema.

Binti akasimama, akaja akaegemea mkono wa kiti.

"Hilo mimi sina jibu lake, baba."

"Najua. Hata mimi sina."

"Nikilipata nitakuletea. Nisipolipata, nitakuja vilevile. Mwisho wa mwezi wangu wa kwanza kazini, nikipata nauli, utaniona hapo mlangoni."

Akarudi kwenye nyaya zake. Kazi ilimchukua mpaka jioni, maana kila alipofungua alikuta baba yake ameunga jambo jingine la hatari, na kila alipolikuta alimsema, na kinyozi alisemwa kwa furaha ambayo hakuweza kuificha.

Usiku uliingia wakiwa nyumbani, wote watatu mezani. Mkewe aliweka sahani ya tatu kana kwamba haikuwahi kutoka pale. Kinyozi akafumba macho, akaanza sala yake ya kila siku, ile ya majina. Akataja la mkubwa aliye mbali, akataja la wa kati. Alipofika la mwisho akasita, akafumbua macho. Binti hakuwa amefumba yake. Alikuwa anamtazama.

"Litaje, baba," akasema. "Hiyo ni yako."

Akalitaja. Mkewe akasema Amina. Binti hakusema, ila alimsogezea mama yake sahani ampakulie.